Ini, Damu na Gunia la Mahindi



Kila mara huletwa kwenye matawi yetu karatasi za maabara. Mwanachama ameugua, amekwenda hospitali, ametolewa damu, amerudi na karatasi yenye herufi na tarakimu: ALT, AST, bilirubini, albumini, HBsAg, pengine na AFP. Mganga alikuwa na watu wengi mlangoni, akamwambia tu kwamba ini lake halikai vizuri. Basi mtu huyo anarudi kwenye laini za kampi hajui kama anapona au anakufa, na jioni ile ile jirani zake wanaanza kumtengea kikombe. Katibu wa tawi akiulizwa, naye hajui. Nimeandika haya ili ajue, na ili aone pia kwamba ile karatasi ya hospitali na lile gunia la mahindi ya posho lililoko stoo ya kampuni ni mambo yaliyofungwa kwa kamba moja.

Tuanze na ini lenyewe. Ini la mtu mzima lina uzito wa kama kilo moja na nusu, nalo limekaa upande wa kulia chini ya mbavu. Damu inayotoka kwenye utumbo ikiwa imebeba chakula haiendi moja kwa moja moyoni. Hupita kwanza katika ini kwa mshipa mmoja mkubwa, kama vile kila lori linaloingia kiwandani linavyosimama langoni likakaguliwa. Chakula kizuri huwekwa akiba, na kilicho sumu hugeuzwa ili kiweze kutoka kwa mkojo au kwa nyongo. Waragi, dawa, sumu ya ukungu, vyote hupitia lango hilo, na ndiyo maana ini huumia kabla ya viungo vingine.

Tena ini ni mvumilivu kupita kiasi. Laweza kuharibika sehemu kubwa na mwenye nalo bado anakata miwa, hasikii maumivu. Akianza kuona tumbo limejaa maji na macho yamekuwa manjano, mara nyingi mambo yamekwisha kwenda mbali. Kwa sababu hiyo waganga hawangojei maumivu. Hutafuta habari za ini ndani ya damu, na habari hizo ndizo zile herufi za kwenye karatasi.

KUSOMA KARATASI

ALT na AST ni vimeng'enya. Tuviite vibarua wa ndani ya chembe za ini, wenye kazi yao humo humo, wasiotakiwa kutoka nje ya ukuta. Chembe ikipasuka, au ukuta wake ukilegea, vibarua hao humwagika katika damu na mashine ya maabara huwahesabu. Kwa kawaida hesabu huwa chini ya 40 hivi, lakini kila maabara ina kipimo chake, kwa hiyo tazama safu ya pembeni ambako wameandika kiwango cha kawaida. Mtu mwenye ugonjwa mkali wa ini hufika mamia, hata maelfu. Basi ALT ikiwa juu, maana yake ni kwamba chembe za ini zinapasuka wakati huu. Haisemi ni nani anayezipasua. Yaweza kuwa virusi, pombe, dawa, sumu ya chakula, au mafuta yaliyojaa ndani ya ini. Mganga akisimama hapo na kukwambia "punguza mafuta", hajamaliza kazi yake.

Hapa pana jambo linalotuhusu sisi watu wa kazi za nguvu. AST imo pia katika misuli, na ALT kidogo imo. Mkata miwa aliyetoka kwenye kazi ngumu ya siku mbili tatu, au mpakiaji wa magunia, anaweza kukutwa na AST ya juu na ini lake likawa zima kabisa. Mwambie mganga kazi unayofanya na siku uliyoifanya. Asipoulizwa, karani wa ofisini na mkata miwa wanapimwa kwa ratili moja.

Liko na jambo la kinyume. Ini lililokwisha kukakamaa, lililojaa makovu, laweza kutoa ALT ndogo ya kumfurahisha mtu. Sababu ni kwamba chembe zilizobaki za kupasuka ni chache. Stoo iliyokwisha bidhaa haivuji. Ndiyo maana wanatazama na albumini. Hii ni protini ambayo ini huitengeneza na kuitia katika damu, nayo ndiyo huzuia maji yasitoke mishipani. Ikipungua, kiwanda hakitoi mali. Lakini albumini hukaa katika damu kwa wiki kadhaa kabla ya kwisha, kwa hiyo hushuka polepole, na upungufu wake ni habari ya zamani kidogo. Kwa habari ya leo hupimwa muda wa damu kuganda, kwa kuwa vitu vya kugandisha damu navyo hutoka kwenye ini na baadhi yake huisha upesi.

Bilirubini ni uchafu wa rangi ya manjano unaotokana na chembe nyekundu za damu zilizozeeka. Ini huuchukua na kuutupa kwenye nyongo. Ukizidi, macho huwa manjano. Malaria kali huleta manjano, na ugonjwa wa selimundu pia, kwa sababu chembe nyekundu zinavunjika nyingi mno kwa mara moja. Njia ya nyongo ikizibwa na jiwe, au na uvimbe wa kongosho, vilevile manjano hutokea. Si kila macho ya manjano basi ni ini, wala si kila manjano yanaambukiza.

AFP ni habari ya pekee. Hii ni protini ya mtoto aliye tumboni. Ini la mtoto huitengeneza kwa wingi, na baada ya kuzaliwa hupotea karibu yote. Mwaka 1963 mtaalamu wa Kisovieti, Garri Abelev, aliikuta kwa panya wenye saratani ya ini, na mwaka 1964 Yuri Tatarinov akaikuta kwa wanadamu. Chembe ya ini iliyogeuka saratani husahau umri wake, ikaanza tena kazi za utotoni. Kwa hiyo AFP ya juu sana kwa mwanamume mzima ni jambo la kushughulikiwa mara moja. Lakini ziko saratani za ini zisizoitoa, na wako wajawazito wenye AFP ya juu ambao hawana ugonjwa wowote. Mwenye hatari apigwe na picha ya mawimbi ya sauti, ile wanayopigwa akina mama wajawazito, asitegemee damu peke yake.

Sasa HBsAg, ambayo ndiyo inayoleta mtu kutengewa kikombe. Hili ni ganda la virusi vya homa ya ini ya aina ya B. Mmarekani Baruch Blumberg alilikuta mara ya kwanza katika damu ya mwenyeji wa asili wa Australia, akalitangaza mwaka 1965, na mwaka 1976 akapewa Tuzo ya Nobel. Likionekana katika damu yako, maana yake virusi vimo mwilini. Vikiwamo kwa zaidi ya miezi sita, huitwa ugonjwa wa kudumu. Mtoto mchanga akiambukizwa na mama yake, kwa kadiri ya 9 katika 10 hubaki navyo. Mtu mzima akiambukizwa, mara nyingi mwili wake huvifukuza. Wasiozidi 5 katika 100 ndio hubaki navyo. Katika upimaji wa nchi nzima ya Uganda wa miaka ya 2016 na 2017, watu wazima kama 4 katika 100 walikutwa na HBsAg. Katika kampi ya watu elfu moja hao ni arobaini, na wengi wao hawajui.

Virusi hivi huambukizwa kwa damu, kwa kujamiiana, na kutoka kwa mama hadi mtoto. Wembe mmoja wa kunyolea watu kumi ni hatari. Kikombe si hatari, sahani si hatari, wala kulala chumba kimoja. Hakuna kazi ya kuchuma chai, kukata miwa au kusimamia mashine ambayo mwenye HBsAg aifanyapo anawaambukiza wenzake kwa kuifanya. Msimamizi anayemwondoa mtu kazini kwa sababu hiyo hana hoja ya kiganga, na tawi limwulize atoe ile aliyo nayo.

BATA MZINGA LAKI MOJA

Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa muda mfupi. Walipopasuliwa, maini yao yalikuwa yameoza. Wakatafuta kijidudu wasikione. Mwishowe wakafika kwenye chakula: mashudu ya karanga yaliyoletwa kutoka Brazil, yameota ukungu. Ukungu wenyewe unaitwa Aspergillus flavus, na sumu inayotoka kwake wakaiita aflatoksini. Siku hizi Waswahili wengine husema sumukuvu. Haikuwa karanga za Brazil peke yake. Baada ya muda mfupi sumu hiyo hiyo ilikutwa katika karanga za Afrika Mashariki, za Uganda zikiwamo.

Na mara baada ya hapo wataalamu wakaja kutazama vyungu vyetu. Kati ya Septemba 1966 na Juni 1967 walikusanya katika Uganda sampuli 480 za vyakula vilivyowekwa akiba. Karibu 30 katika kila 100 zilikuwa na aflatoksini. Waliona pia kwamba sehemu zenye sumu nyingi katika chakula ndizo zenye saratani nyingi ya ini. Matokeo yalichapishwa mwaka 1971, yaani zaidi ya miaka hamsini iliyopita. Sitaki kusema hakuna lililofanyika tangu hapo, maana yako yaliyofanyika, lakini mwaka 2014 ilipochapishwa habari ya damu ya watu wa vijiji vya kusini magharibi ya Uganda, karibu kila aliyepimwa, mkubwa kwa mtoto, alikuwa na alama ya aflatoksini mwilini.

Alama hiyo ni nini? Aflatoksini ikiingia katika ini, sehemu yake hushikamana na ile albumini tuliyoitaja na kuzunguka nayo. Kwa kuwa albumini hukaa katika damu muda mrefu, alama hii yasimulia mtu alikula nini miezi miwili mitatu iliyopita. Katika mkojo iko alama nyingine, ya siku chache tu: kipande cha sumu kilichong'olewa pamoja na kipande cha asili ya chembe. Hiyo ya mkojo ni ushahidi mkubwa zaidi, maana yasema sumu haikupita tu, imegusa waraka.

Nitaeleza waraka. Kila chembe ya mwili ina maandishi ya jinsi ya kuishi na kugawanyika, na humo mna sehemu inayoitwa p53. Hii ni kama nyapara mkali: chembe iliyoharibika ikitaka kugawanyika, p53 huizuia mpaka itengenezwe, au huiamuru ife. Sasa tazama ajabu ya ini. Aflatoksini inavyoingia mdomoni haing'ati. Ni ini lenyewe, likijitahidi kuigeuza ili itoke kwa mkojo, ambalo katikati ya kazi hiyo huitia makali. Kwa muda mfupi sana sumu inakuwa na ndoano, nayo hunasa kwenye maandishi ya chembe. Mwaka 1991 wataalamu waliochunguza saratani za ini kutoka Qidong nchini China na kutoka kusini mwa Afrika walitangaza kwamba katika nyingi kati yake herufi moja ya p53 ilikuwa imebadilishwa mahali pale pale, kwenye neno la 249. Ni kama mwizi anayeacha alama ya kidole kile kile kila nyumba.

Nyapara akiharibika, bado chembe inaweza kukaa kimya miaka mingi. Hapa ndipo virusi vya B vinapoingia. Virusi huleta vita isiyokwisha ndani ya ini: chembe zinakufa, nyingine zinagawanyika kuziba pengo, zinakufa tena, zinagawanyika tena. Kila mgawanyiko ni nafasi ya kunakili lile kosa. Mjini Shanghai wanaume 18,244 walitoa damu na mkojo kati ya mwaka 1986 na 1989, vikahifadhiwa, wakafuatwa kuona nani atapata saratani ya ini. Waliokuwa na alama ya aflatoksini bila virusi, hatari yao ilikuwa kama mara 3 ya mtu asiye na chochote. Wenye virusi bila aflatoksini, mara 7. Wenye vyote viwili, karibu mara 60. Ukijumlisha 3 na 7 hupati 60. Hata ukizidisha hupati. Kwa hiyo mtu mwenye HBsAg anayelishwa mahindi yenye ukungu anafanyiwa jambo baya kuliko jirani yake anayekula sahani ile ile.

Wafanyakazi wa nchi jirani waliyaona haya zamani. Wachimba migodi wa Msumbiji waliokwenda kwenye dhahabu ya Afrika Kusini walikuwa wakifa kwa saratani ya ini kwa kadiri kubwa kuliko wachimbaji waliotoka nchi nyingine, na walikuwa vijana. Waganga wa Lourenço Marques, ambayo leo ni Maputo, waliandika katika miaka ya 1960 kwamba hapakuwa na mji mwingine wenye hesabu kubwa kama yao. Kazi ya mgodini ilikuwa moja kwa wote na chakula cha mgodini kilikuwa kimoja, kwa hiyo sababu ilitafutwa kule walikotoka, katika karanga na mahindi ya nyumbani na virusi vya utotoni. Baadaye, kufikia mwanzo wa miaka ya 1980, hesabu hiyo ilikuwa imeshuka miongoni mwa wachimbaji hao.

Sumu hii ikiwa nyingi sana haingoji miaka. Mwaka 1981 katika Machakos, Kenya, wagonjwa 20 walilazwa kwa ini kuharibika ghafla na 12 wakafa. Walikuwa wamekula mahindi mabovu. Mwaka 2004 katika Makueni, Kitui na sehemu za jirani waliugua 317 wakafa 125. Mahindi yalikuwa yamevunwa mabichi na kuwekwa ndani ya nyumba bila kukauka, na waliougua walikutwa na virusi vya B kuliko wasiougua. Mwaka 2016 yalitokea Dodoma na Manyara, Tanzania: wagonjwa 68, vifo 20.

STOO YA KAMPUNI

Kiwango kilichowekwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mahindi ni aflatoksini isiyozidi mikrogramu 10 kwa kilo. Ni kidogo kiasi gani? Chukua malori 100, kila moja tani 10 za mahindi. Vijiko viwili vya chai vya sumu vikisambazwa katika malori yote hayo, ndipo umefika kiwango. Mwaka 2004 huko Kenya yalikutwa mahindi sokoni yaliyopita 1000.

Mwezi Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu hii, kisha baada ya siku chache ikaruhusu kwa masharti. Wafanya biashara walilalamika sana, na magazeti yaliwasikiliza. Mimi nilijiuliza swali jingine: mahindi yanayokataliwa mpakani huenda wapi? Hayatupwi ziwani. Yatatafuta mnunuzi anayetaka bei ya chini kabisa na asiyeuliza maswali, na mnunuzi wa namna hiyo mara nyingi ni yule anayelisha watu wengi ambao hawana la kusema: shule, magereza, mashamba makubwa.

Yafaa tuelewe kwamba jiko haliokoi. Aflatoksini haifi kwa moto wa kupikia ugali, wala kwa kuchemsha uji. Kusaga ni kubaya zaidi kwa upande mmoja, maana kunaficha: punje mbovu ulizoweza kuziona na kuzitupa sasa zimechanganyika. Kamati ya tawi ikiomba kitu kimoja tu, basi iombe kuona mahindi kabla hayajaingia mashineni. Punje zenye rangi ya kijani au nyeusi, zilizokunjamana, zilizotobolewa na wadudu, ndizo zenye sumu kwa wingi, na kuzichagua na kuzitupa kunapunguza sumu sana. Kukoboa kunapunguza pia, kwa sababu sehemu kubwa hukaa kwenye ganda na kiini. Zile pumba asipewe kuku wala ng'ombe wa maziwa. Ng'ombe akila aflatoksini, sehemu yake hutoka katika maziwa.

Ukavu ndio jambo kubwa. Mahindi ya kuweka akiba yasizidi unyevu wa 13.5 katika mia. Asiye na mashine ya kupimia achukue chupa kavu, atie punje za mahindi na chumvi kavu kidogo, aitikise kwa muda na kuiacha itulie. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado mabichi. Kipimo hiki cha chumvi ni cha bure, na nimeona msimamizi wa stoo akinyamaza mbele yake.

Nchini Guinea walifanya jaribio katika vijiji 20 vya wilaya ya Kindia. Vijiji 10 vilifundishwa kuchagua karanga kwa mkono, kuzikausha juu ya mikeka badala ya ardhi tupu, kuziweka katika magunia ya nyuzi za mmea badala ya ya plastiki, na kuyapanga juu ya mbao yasiguse sakafu. Hakuna mashine hapo. Baada ya miezi mitano alama ya aflatoksini katika damu ya watu wa vijiji hivyo ilikuwa chini ya nusu ya ile ya vijiji vingine. Habari hii ilitangazwa mwaka 2005. Na huko Qidong, watu walipoacha mahindi na kula mchele kuanzia miaka ya 1980, vifo vya saratani ya ini kwa watu wazima vilipungua, na hao ni watu waliozaliwa kabla ya chanjo, wenye virusi vyao mwilini. Yaani hata aliyekwisha ambukizwa anasaidiwa na chakula safi.

Kwa hiyo katika mazungumzo ya mkataba wa hali bora, pale ambapo posho ni sehemu ya malipo, tusiishie kwenye uzito. Gramu ngapi kwa kichwa tumezizoea kuzidai. Tudai pia cheti cha kipimo kwa kila shehena, na sampuli itolewe katika magunia mengi, kwa maana sumu hukaa kwa mafungu. Gunia moja laweza kuwa safi na la pili kuua. Tudai mbao chini ya magunia, paa lisilovuja, na mjumbe wa wafanyakazi mwenye ruhusa ya kuingia stoo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006 inataja kamati za usalama. Jambo hili lipelekwe huko. Vipimo vile vya damu vya aflatoksini tusivipiganie, kwa kuwa ni vya maabara za utafiti na ni ghali. Kupima gunia ni rahisi kuliko kupima watu mia waliokwisha kula.

WALIOMO VIWANDANI

Ndugu wa viwandani wasidhani haya ni ya mashambani tu. Mwezi Januari 1974 ilitangazwa kwamba wafanyakazi watatu wa kiwanda kimoja cha plastiki mjini Louisville, Marekani, walikufa kwa saratani ya ini ya aina isiyoonekana ila kwa nadra sana. Walikuwa wakisafisha mapipa ya hewa ya vinili kloridi. Njia ni ile ile: hewa hiyo yenyewe si kali sana, bali ini huigeuza kuwa kali. Kabla ya hapo waliruhusiwa kuvuta sehemu 500 katika milioni. Sheria mpya ikateremsha hadi 1. Vipimo vya kawaida vya damu havikuwa vimewaonya wengi wao mapema, na hili lafaa kukumbukwa mwajiri anapoonyesha karatasi za ALT na kusema wafanyakazi wake ni wazima. Dawa nyingi za kuondolea grisi na za kuyeyushia rangi huumiza ini. Anayezitumia chumba kisicho na madirisha, kisha jioni akanywa waragi, anaziongezea makali.

Na mwenye kichwa kinachouma asubuhi baada ya waragi asimeze Panadol kwa viganja. Kwa mtu mzima mwisho ni vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku, na kwa mnywaji au mwenye ini bovu ni pungufu ya hapo. Nayo dawa hii hutiwa makali na ini, ikizidi.

CHANJO

Chanjo ya homa ya ini ya B ilipatikana mwaka 1981. Taiwan walianza kuchanja watoto wachanga mwaka 1984, na saratani ya ini kwa watoto ikapungua. Ni mara chache sana chanjo kuonekana inazuia saratani kwa namna hiyo. Uganda watoto walianza kuipata katika chanjo za kawaida mwaka 2002, na mwaka 2015 Serikali ikaanza kuwapima na kuwachanja watu wazima, kwa kuanzia kaskazini. Wengi wa wafanyakazi wa mashamba, na hasa waliotoka Kongo, Rwanda, Burundi na Sudan Kusini, walizaliwa kabla ya haya au walipitwa.

Mtu apimwe kwanza. Akikutwa hana virusi wala kinga, achanjwe. Akikutwa navyo, chanjo haimsaidii. Anahitaji kupimwa ALT na hali ya ini kila baada ya muda, na baadhi yao wataanzishwa dawa ya kumeza kila siku, mara nyingi tenofovir. Dawa hii watu wanaijua kwa sababu hutumika pia kwa virusi vya ukimwi. Kumwona mtu na kopo lake si ushahidi kwamba ana ukimwi, na hata angekuwa nao si kazi ya jirani kutangaza. Mama mjamzito mwenye HBsAg aseme kliniki mapema, kwa maana mtoto hulindwa vizuri zaidi akichanjwa ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa.

Sindano za watu wazima ni tatu: ya kwanza siku hiyo, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu mwezi wa sita. Ya tatu ndiyo inayopotea, kwa kuwa kibarua wa msimu mwezi wa sita yuko shamba jingine. Tawi likipanga siku ya chanjo lihesabu msimu wa kukata kwanza. Na anayehama kabla hajamaliza achukue kadi yake aende nayo. Kituo chochote chenye chanjo kitaendelea pale alipoishia, hata kama miezi imepita, hana haja ya kuanza upya.